Mikeka Miwili: Safari ya Viwanja Vidogo kutoka Tabora hadi Ujiji



Mwezi huu nawaletea habari ya safari. Si safari ya Hija, wala si ya biashara, wala sikuvuka bahari. Ni safari ya majuma matatu niliyoifanya katika likizo ya mwezi wa Juni pamoja na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita, tukitembelea viwanja vidogo vya mpira kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji, kwa kuifuata njia ile ile waliyopita wazee wetu na mizigo kichwani. Huenda msomaji akasema: mtu mzima mwenye mvi atafuataje viwanja vya mpira? Namwomba asubiri kidogo, nimweleze kwanza jambo lililotutoa nyumbani.

Siku moja baada ya sala ya Isha alinijia dada yangu, amejitanda khanga, uso umemkunjamana. Akaniambia, "Kaka, mwanangu amekula fedha za shule." Nikamwuliza amezilaje. Akasema, "Ameziweka kwenye mkeka." Mimi kwa uzee wangu nikadhani ni mkeka wa ukindu, huu tunaoutandika barazani na kusalia juu yake, nikafikiri labda alizificha chini yake na panya wakazitafuna. Kumbe sivyo. Vijana wa leo huita mkeka ile orodha ya kubashiri matokeo ya mpira. Mtu huchagua mechi nane au kumi zitakazochezwa Ulaya, akasema fulani atashinda na fulani atafungwa, akalipa fedha yake. Ikienda kombo mechi moja tu, husema mkeka umechanika, na fedha ndiyo imekwenda. Fedha za sare na madaftari za kijana yule zilikwenda namna hiyo, kwa siku mbili.

Baba yake, shemeji yangu, alikuwa amekwisha kata hukumu. Viatu vya mpira vimefungiwa kabatini, na neno mpira lisisikike tena katika nyumba ile. Nilikwenda kwake asubuhi, tukanywa chai, nikamwambia, "Shemeji, hasira yako ni ya haki, na kamari ni haramu, hapana wa kubisha, aya ya 90 ya Sura Al-Maida imeitia pamoja na ulevi. Lakini nakuuliza neno moja: mwanao mara ya mwisho kugusa mpira kwa mguu wake ilikuwa lini?" Akanyamaza. Tukamwita kijana, akaja, akaamkia, akaulizwa. Akajibu kwa haya kwamba yapata mwaka mzima hajacheza. Kumbe huo mpira aliokatazwa hakuwa nao. Jioni zake zilipita katika kibanda umiza, pale wanapolipisha watu kuutazama mpira wa Ulaya katika televisheni, na simu mkononi. Alizijua sura za wachezaji kumi na mmoja wa klabu moja ya London, na majina ya wake zao. Mlinzi wa kulia wa timu ya mtaa wake hakumjua.

Hapo ndipo nilipomwomba shemeji anipe kijana kwa likizo ile. Nilikuwa nimepata kusoma kwamba huko Marekani wako watu ambao majira yao ya joto huyatumia kwa kuzunguka miji midogo wakitazama besiboli, mchezo wa gongo na kijipira unaofanana kidogo na kriketi. Hawafuati timu kubwa zenye viwanja vya fahari. Hufuata timu za chini, ambako vijana wanaotafuta njia hucheza mbele ya majirani zao. Tangu mwaka 2021 timu hizo za chini zilizofungamana na zile kubwa ni 120, na baba na mwana humaliza wiki nyingi barabarani wakizitembelea moja moja. Nikasema moyoni: sisi besiboli hatuna, lakini kandanda tunayo, na njia tunayo, na kiangazi tunacho. Shemeji akakubali kwa sharti moja, kwamba simu ya kijana ibaki nyumbani. Mimi nikaongeza la pili, kwamba achukue daftari, na mkeka wa ukindu wa bibi yake tuwe nao safarini.

Tulianzia hapa hapa Tabora, kwa kupita nje ya uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ule uliopewa jina la Rais wa pili wa nchi yetu. Nilimweleza kijana ngazi za mpira wetu zilivyo. Juu kabisa iko Ligi Kuu. Chini yake ligi iitwayo Championship. Chini yake tena First League. Kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Na chini ya hizo zote ziko ligi za mikoa na za wilaya, ambako ndiko wengi huanzia. Mji wetu umezijua ngazi hizo kwa kupanda na kwa kushuka. Rhino Rangers, timu ya askari, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na msimu ulipokwisha ikashuka. Mwaka 2023 ikapanda nyingine, Kitayosce, iliyobadili jina ikawa Tabora United. Na tarehe 7 Novemba 2024 timu hiyo iliwafunga Yanga mabao 3 kwa 1 huko huko Dar es Salaam. Mwaka 2025 ikabadili jina tena, ikaitwa TRA United. Kijana akasema, "Mjomba, mechi ile ya Yanga naikumbuka, ilinichania mkeka." Nikamwambia, "Basi mji wako ulipofurahi wewe ulilia. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza, kabla hata ya fedha."

Kutoka hapo tukaenda Kwihara, kusini ya mji kidogo. Msomaji wa Tabora apajua: ndipo lilipo tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akiwangoja wapagazi kutoka pwani, kuanzia mwezi Machi Stanley alipoagana naye, mpaka mwezi Agosti. Watalii huja wakalitazama tembe, wakaondoka. Sisi tulikwenda kutazama mpira. Karibu na kijiji vijana wamefyeka kiwanja, wamesimamisha miti miwili huku na miwili kule, na mti wa tatu umelazwa juu ukafungwa kwa kamba za katani. Wachezaji wengine wana viatu, wengine miguu mitupu. Na desturi yao ni nzuri, kwamba mwenye viatu asimkabili asiye navyo kwa kumkanyaga, na akifanya hivyo mzee mmoja aliyeketi pembeni humtoa nje bila kumwuliza refa. Niliwauliza nani amemweka mzee yule. Wakasema hakuwekwa na mtu, wamemkuta.

Njia hii tuliyoishika ina umri. Kabla ya reli, msafara wa kutoka Bagamoyo ulifika Unyanyembe baada ya miezi. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Na Ujiji hawakuiona mpaka Februari ya mwaka uliofuata. Waliobeba mizigo njia hii wengi wao walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa yapata frasila mbili, yaani ratili sabini, mbali na chakula chake na sufuria yake. Kiangazi kilikuwa ndicho majira yao, kwa kuwa mavuno yamekwisha na mito imepungua. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake. Akisimama, wote husimama. Akitua mzigo chini ya mwembe penye maji, pale ndipo kambi. Wengi walitembea kwa ujira na kwa kutafuta jina, maana kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mtu mzima. Lakini tusifiche: njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu, ikapitisha na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 2006 serikali yetu iliandikisha UNESCO sehemu sita za njia hii, ili zifikiriwe kuwa urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nilimtaka kijana aziandike sita hizo katika daftari, kisha nikamwambia kwamba mguu alio nao ni wa watu waliotembea njia hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo tulikwenda Urambo. Ndani ya gari la moshi nilimpa kijana somo la hesabu. Nilitoa sarafu moja nikamwambia airushe mara kumi, na kila mara abashiri itaanguka upande gani. Alipatia mara mbili, ya tatu akakosea. Akaanza upya, akakosea ya kwanza. Alirusha mpaka tukapita Usoke, mkono ukamchoka, wala hakupata kumi mfululizo hata safari moja. Nikamwambia afanye hesabu: mbili mara mbili ni nne, mara mbili nane, aendelee hivyo mpaka mara kumi. Akafika 1,024. Nikasema, "Mwenye kubashiri mechi kumi, hata tukimpa kila mechi nusu kwa nusu, apatia mkeka mmoja katika 1,024. Na mpira una sare, kwa hiyo nusu kwa nusu hiyo nimekuonea huruma. Yule anayeuza mikeka ameifanya hesabu hii kabla yako." Abiria mmoja aliyekuwa akitusikiliza alitoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni bila neno.

Urambo ni mji wa Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, mtu aliyeifunga njia ya misafara alipotaka na kuifungua alipotaka. Baadaye, mwaka 1947, Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga katika sehemu tatu, Kongwa, Nachingwea na Urambo, wakafyeka misitu kwa mitambo mikubwa. Na mwaka 1951 mradi ukafutwa kwa hasara kubwa. Tumbaku ndiyo iliyobaki kuwalisha watu. Jioni ile tulitazama vijana wa shule wakicheza na vijana wa mashambani, na pembeni wasichana walikuwa na netiboli yao, mama zao wameketi wakimenya karanga. Kijana wangu alimwona mshambuliaji mmoja wa pande la kushoto, mwembamba kama ufito, aliyekuwa na mbio za ajabu. Akataka kujua jina lake. Nikamwambia, "Nenda ukamwulize, huyu si wa televisheni, huyu anajibu." Akaenda. Wakazungumza mpaka giza likaingia, kisha yule mchezaji akatuonyesha nyumba ya kulala wageni. Jina lile likawa la kwanza katika ukurasa wa wachezaji. Tulipofika Ujiji yalikuwa yamepita arobaini.

Sasa nieleze habari ya sala, maana ni jambo lililonifundisha hata mimi. Mpira wetu desturi yake huanza saa kumi kamili alasiri. Huko Dar es Salaam mwezi wa Juni Alasiri huwa imeingia kabla ya saa kumi, na mtu aweza kusali kisha akaenda uwanjani. Lakini sisi wa magharibi tu mbali na pwani, na jua hutufikia nyuma yao ilhali saa zetu ni moja. Hapa Tabora Alasiri ya Juni huingia yapata saa kumi na robo. Kigoma na Ujiji yapata saa kumi na nusu. Maana yake ni kwamba adhana huadhiniwa mpira ukiwa unachezwa. Wazazi wengi huona hili, wakasema, "Mpira wapoteza sala." Na kweli wako wapotezao. Lakini mapumziko ya mpira huja yapata saa kumi na dakika arobaini na saba, nayo ni dakika kumi na tano. Rakaa nne hazizidi dakika saba. Wakati ungali mpana, jua halijageuka manjano. Kinachopungua ni mtu wa kutandika mkeka.

Katika viwanja vingine tulikuta hakuna anayesali, katika vingine wachache. Tukafanya hivi: filimbi ya mapumziko ikilia, kijana hutandika mkeka wa bibi yake nyuma ya goli, nami huanza kukimu. Mara ya kwanza tulikuwa wawili. Mara ya pili walikuja wanne. Kilichowazuia wengi hakikuwa ukaidi. Walikuwa wamevaa bukta zinazoishia juu ya magoti, wakaona haya. Tangu siku ile tulichukua vikoi viwili vya akiba, na kopo la maji. Na kibla hakitupi taabu katika njia hii: kutoka Tabora hata Kigoma Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Viwanja vizuri navyo hulazwa kusini na kaskazini, ili jua la jioni lisimpige mlinda mlango machoni. Basi mara nyingi goli la kaskazini ndilo lililotuonyesha kibla.

Upande wa magharibi, njia hukutana na mto Malagarasi. Hapa misafara ililipa hongo. Nilimweleza kijana kwamba neno hili zamani halikuwa aibu: lilikuwa ushuru wa njia, alipwao mtawala wa nchi au wenye mitumbwi, kwa nguo au ushanga, baada ya mabishano ya siku nzima. Leo neno hilo hilo lina maana ya rushwa. Akacheka, akaniambia kwamba vijana husema refa fulani kala hongo. Nikamjibu kwamba neno hutembea kama mtu; laweza kuondoka nyumbani na heshima likarudi limeharibika. Mkeka nao sasa uko njiani.

Ilikuwa katika kiwanja kimoja cha njia hiyo, ambacho sitakitaja jina, lilipotokea jambo ambalo kwa ajili yake naandika makala haya. Palikuwa na fainali ya mbuzi: timu mbili za vijiji, atakayeshinda achukue beberu aliyefungwa kwenye mti. Sisi tulikuwa wageni wa kijiji kimojawapo. Tulikula kwao mchana, ugali na migebuka, na mpwa wangu alikuwa amekwisha fanya urafiki na vijana wao, akawa anawashangilia nyuma ya goli la wapinzani. Magoli hayakuwa na nyavu. Zikiwa zimebaki dakika chache, bado sare, mchezaji wa wenyeji wetu alipiga mpira mkali, ukapita karibu na mti wa kulia ukatokomea vichakani. Nusu ya uwanja ikalia goli; nusu ikakataa. Watu wakaingia ndani, na wengine walikuwa na fimbo. Refa, mwalimu wa shule, mtu mpole, akasema, "Nani alikuwa nyuma ya goli?" Wote wakamtazama kijana wangu.

Naapa, ndugu wasomaji, moyo wangu ulisimama. Alikuwa mgeni, alikuwa amekula chakula cha wale watu, na rafiki zake walikuwa wakimkonyeza. Akakaa kimya kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara tatu. Kisha akasema, "Mpira ulipita nje. Niliuona, hata vumbi la mti hili hapa halikuguswa." Wenyeji wetu wakaguna. Mzee mmoja wa kijiji kile kile, aliyekuwa ameketi juu ya kinu, akasimama akasema, "Mtoto amesema. Chezeni." Wakacheza, na katika penalti wenyeji wetu wakashindwa, mbuzi akaenda upande wa pili wa mto.

Jioni nilidhani tutalala na njaa. Lakini mama wa nyumba ile alileta sinia kama mchana, na mzee yule akaja kula nasi. Akamwambia mpwa wangu, "Tungeshinda kwa ulimi wako, mbuzi yule tungemla usiku mmoja, na maneno yake tungeyala miaka." Kijana hakujibu. Usiku, tulipolala juu ya mkeka wa bibi yake, aliniuliza, "Mjomba, ingekuwa nimeweka fedha kwa timu ile, ningesema kweli?" Sikumjibu; swali lile lilikuwa lake, na nafikiri alikuwa amekwisha lijibu. Lakini tangu siku ile nafahamu zaidi kwa nini dini yetu imeikataza kamari. Hasara ya fedha ni jambo la wazi, kila mtu ailia. Ubaya mwingine ni kwamba humfanya shahidi kuwa na haja na ushahidi wake. Mtu aliyeweka fedha hawezi tena kutazama mpira kwa macho yake. Hutazama kwa macho ya mfuko.

Tukapita Uvinza, penye chemchemi za chumvi ambayo watu wa nchi hizi wameichemsha kwa zaidi ya miaka elfu, misafara ikaibeba mpaka mbali. Tukafika Kigoma. Hapo tuliutazama kwa nje uwanja wa Lake Tanganyika, nyumba ya Mashujaa, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023. Kijana alikumbuka habari yao ya zamani zaidi: mwaka 2018, wakiwa bado ligi ya chini, walikwenda Dar es Salaam wakawatoa Simba katika kombe la shirikisho kwa mabao 3 kwa 2. Nikamwambia, "Waliofunga mabao yale walianzia kiwanja kama vile ulivyoviandika katika daftari."

Safari yetu iliishia Ujiji, chini ya miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na ambapo misafara ilitua mizigo yake mbele ya ziwa. Mpira wa mtaa ulichezwa jioni ile, na adhana ilipotoka msikitini, yapata saa kumi na nusu kama nilivyosema, refa alitazama saa yake akaendelea. Lakini filimbi ya mapumziko ilipolia tu, vijana wa Ujiji walitoka uwanjani wote pamoja, wakachukua vikoi vyao vilivyotundikwa juu ya tawi, wakajipanga safu mbili. Hawakuhitaji kuonyeshwa na mtu. Sisi wasafiri tulikuwa na ruhusa ya kupunguza sala. Lakini kwa kuwa tulimfuata imamu mkaazi, tulikamilisha rakaa nne. Mpwa wangu alitandika mkeka wa bibi yake katika safu ya pili, akawakaribisha wawili wasio na mahali.

Imepokewa kwa Bwana Abdallah bin Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi. Farasi waliokwisha funzwa aliwawekea mwendo mrefu, kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa. Na wale wasiofunzwa akawawekea mwendo wao mfupi, kutoka hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Nimelifikiri sana jambo hili. Farasi wasiofunzwa hawakuambiwa wakae watazame wenzao. Waliwekewa mashindano yao, yenye kipimo chao, na mwisho wake ukawa msikitini.

Tulirudi Tabora. Sitawaambia kwamba kijana amekuwa walii. Kibanda umiza kingalipo, na mara mbili nimemwona amesimama mlangoni pake. Lakini viatu vimetoka kabatini, na yeye sasa ni mlinzi wa kulia wa timu ya mtaa wetu, yule ambaye zamani hakumjua. Deni la sare na madaftari analilipa kidogo kidogo kwa kumsaidia jirani kufyatua matofali siku za mapumziko.

Na shemeji yangu? Jumamosi iliyopita alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza, na kanzu yake, akaketi juu ya tofali. Hakushangilia. Ilipokaribia saa kumi na robo alianza kutazama saa yake, na filimbi ya mapumziko ilipolia aliinuka, akamwendea mwanawe, akamwuliza, "Mkeka uko wapi?" Kijana alishtuka, akadhani aulizwa ule mwingine. Kisha wote wawili wakacheka, nami nikacheka, tukaenda kutawadha.

Basi, ndugu wazazi, neno langu la mwezi huu ni fupi. Kijana aliyepotea katika mpira wa karatasi huenda asirudi kwa kufungiwa viatu. Kiko kiwanja karibu na nyumba yako, pengine hata jina hakina. Nenda jioni moja ukakae. Chukua kopo la maji, kikoi cha akiba, na mkeka.

Wassalaam alaykum warahmatullah.